Naomba ushauri: kifuko cha seli za insulini kwa mwenye kisukari aina ya kwanza

Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wangu wa kike, miaka 24, ana kisukari aina ya kwanza tangu akiwa shule ya msingi. Sukari humshuka usiku bila yeye kuhisi dalili yoyote, hadi mama hulala naye chumba kimoja, pakiti ya glukosi ikiwa chini ya mto. Daktari alimpunguzia dozi ya jioni na sasa anakula kidogo kabla ya kulala. Afadhali ipo, ila bado tunaogopa.

Kaka yetu aliyeko Marekani anasema asubiri kupandikizwa seli zinazotengeneza insulini. Nimesoma kwamba seli zikiingizwa ini kupitia mshipa, kama walivyofanya Edmonton, Kanada, lazima mgonjwa ameze dawa za kushusha kinga, na hizo ndizo zinazonitisha. Kifuko kinachopandikizwa mwilini kikiwa na seli hizo ndani kinanipa moyo zaidi: utando wake una vitundu vinavyopitisha sukari, oksijeni na insulini lakini huzuia seli za kinga. Tatizo mwili hukizungushia kovu, seli za ndani zikakosa oksijeni zikafa. Na Vertex, kampuni ya dawa ya Marekani, walisitisha jaribio la kifuko chao mwaka 2025, baada ya kuona insulini iliyotengenezwa haitoshi.

Wataalamu, je, kuna jaribio la kifuko bila dawa za kinga linalopokea wagonjwa kutoka nje ya nchi husika? Na kwa sasa, tuanze na kipima sukari cha kubandika mkononi chenye kengele, au tuombe abadilishiwe kwanza aina ya insulini?

Natanguliza shukrani.