Naombeni ushauri: wakili wa kununulia nyumba Uingereza, wa dalali au nitafute wangu?

Wakuu habari zenu, hasa mlioko Uingereza. Mimi na mke wangu tunanunua fleti hapa Leicester, ofa imeshakubaliwa ila kwa England ofa bado sio mkataba, mpaka mawakili wa pande zote wabadilishane mikataba ndo mtu anabanwa, kabla ya hapo muuzaji anaweza kumpa mwingine mwenye dau kubwa na huna pa kulalamika. Sasa dalali anatukazania tumtumie wakili wake eti ndo wa haraka, mi nasita maana madalali wengi wanapata kamisheni wakipeleka mteja, na wakili ninayemtaka ni wa kunilinda mimi.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni hela ya kutanguliza. Sehemu yake katoa mzee wangu Tanga, aliuza kiwanja, na mawakili wa huku kwa sheria za utakatishaji fedha lazima wajue hela imetoka wapi. Mzee ana hati ya mauziano ya Kiswahili yenye muhuri wa serikali ya mtaa, basi. Waliopitia hili, ilikubalika ikishatafsiriwa au walitaka na statimenti za benki za mzee? Na barua ya kusema ni zawadi hadai kitu, anaandika mwenyewe au wakili ndo anaandaa?

Halafu lizi ya hiyo fleti (yaani muda wa kuimiliki kabla haijarudi kwa mwenye ardhi) imebaki miaka 84, ikishuka chini ya 80 kuiongeza ni ghali. Tumbane muuzaji aongeze kwanza ndo tusaini? Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali.