RR Lyrae: kiasi cha chuma kinatoka -5.37, kosa liko wapi?

kusi_angani
Wakuu, habari za leo. Nataka kuchora ramani ya chuma katika galaksi yetu kwa kutumia nyota zinazopwita za aina ya RRab (kundi la RR Lyrae) kutoka Gaia DR3, yaani data za darubini ya anga ya Gaia, bila spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi). Fomula ni ile ya Jurcsik na Kovács ya 1996: [Fe/H] = -5.038 - 5.394P + 1.345φ31. [Fe/H] ni kiasi cha chuma kwa kipimo cha logi, Jua likiwa 0; P ni kipindi kwa siku; φ31 ni namba ya umbo la grafu ya mwangaza. Nyota yenye kipindi cha siku 0.55 na φ31 ya 1.96 inatoa -5.37, ambayo ni ndogo mno, na nyingine nyingi zinafanana nayo. Shida ni data au fomula? Pia, ramani hiyo itaonyesha mteremko wa diski, yaani chuma kinavyobadilika ukitoka kitovuni kwenda nje?

pwitapwita
Mkuu, vyote viwili ni vizima. Kilichogongana ni sini na kosini. Gaia huelezea grafu ya mwangaza kwa mfululizo wa Fourier (jumla ya mawimbi) wa kosini, ilhali fomula hiyo ilitengenezwa kwa sini, na φ31 za njia hizo mbili zinapishana kwa π kamili. Ongeza 3.14: φ31 inakuwa 5.10, jibu linakuwa -1.14, yaani chuma kama sehemu moja ya kumi na nne ya kile cha Jua. Hapo ndipo RRab nyingi zinapoangukia.

Ila hujamaliza. Fomula ni ya kichujio cha V (mwanga wa kijani-njano), data yako ni ya G (kichujio kipana cha Gaia), na φ31 haifanani sawasawa katika vichujio hivyo. Kosa la radiani 0.1 tu linahamisha jibu kwa 0.13. Tafuta fomula iliyopimwa kwa G yenyewe. Ile ya 1996 pia huzidisha chuma kwa nyota zilizo chini ya -2, na hizo ndizo zenye thamani kubwa kwenye halo, wingu la nyota kongwe linaloizunguka galaksi.

mizani_ya_mwanga
Naongezea. Ondoa nyota zenye kile kinachoitwa athari ya Blazhko, maana umbo la grafu yao ya mwangaza hubadilika mzunguko hadi mzunguko. Ukichanganya na vipimo vya darubini moja ya ardhini, ambayo huona usiku tu, jihadhari na kipindi bandia: siku 0.55 ni mizunguko 1.818 kwa siku. Ongeza mmoja, unapata siku 0.355, na RRab yako inajifanya RRc, aina nyingine ya RR Lyrae yenye kipindi kifupi.

pwitapwita
Kuhusu diski: hapana, si kwa hizi. RR Lyrae nyingi zina umri wa zaidi ya miaka bilioni 10, zinasimulia habari za halo na kitovu. Mteremko wa leo usome kwenye Sefeidi, nyota nyingine zinazopwita, ambazo ni changa: [Fe/H] hupungua kwa karibu 0.05 hadi 0.06 kwa kila kiloparseki ukielekea nje. Lakini huko spektra haikwepeki, na joto lipimwe kutoka spektra ileile. Delta Cephei, mojawapo ya Sefeidi, ndani ya siku 5.366, hupanda na kushuka kati ya takribani Kelvini 5500 na 6600. Ukitumia joto la usiku mwingine, utalihesabu kosa la joto kama chuma.