Naomba ushauri: gari gani la kwetu nianze nalo kulitolea modeli ya kuunganisha?

Fundi Sombetini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Arusha, naunda modeli za magari. Nilianza na waya na makopo, tairi za kandambili, kama watoto wengi wa mtaani. Ukubwani nikahamia kwenye zile za plastiki za kuunganisha: Tamiya, Aoshima, Italeri, Revell. Sasa mimi na mwenzangu mwenye printa ya 3D ya resini (plastiki ya maji inayogandishwa kwa mwanga) tunataka kutoa seti zetu wenyewe. Boksi, vipande, stika za maji na maelekezo kwa Kiswahili. Toleo la kwanza litakuwa seti chache, tuone watu wanasemaje.

Ninachoshindwa kuamua ni gari la kuanza nalo. Ukipitia orodha za viwanda vya nje, Porsche na Skyline na Mustang zimetolewa na kurudiwa miaka nenda rudi. Magari yanayotulisha huku hayamo, au yamo nusu nusu. Nimesimama barabara ya Moshi pale Tengeru nikayatazama yakipita: Scania 113 na tela lake, Fuso yenye bodi ya mbao imejaa ndizi, Hiace za Usa River, Land Cruiser za watalii zenye paa la kuinuka. Kila moja nilitamani kuiona imekatwa vipande vipande ndani ya boksi.

Naombeni mawazo. Lipi litangulie, kwa skeli gani (yaani dogo mara ngapi kuliko gari halisi; 1/24 ni mara 24), na nani mnadhani atalinunua? Nipeni na sababu.

Tela Mbili

Scania 113. Sioni gari lingine la kushindana nalo.

Nimeendesha hiyo gari na nimelala ndani yake. Series 3, ambayo 113 ni mojawapo, ilianza kutoka mwaka 1987, na mpaka leo 113 bado zinapanda milima zikiwa na mzigo. Tena Scania tulikuwa tunaziunganisha wenyewe Kibaha, kiwanda cha TAMCO, kwa hiyo historia yake ni yetu pia. Watu wanaijua kwa sauti tu, hawahitaji hata kugeuka.

Italeri walitoa 143 kwa 1/24, ile ya V8 ya lita 14. Kichwa kinafanana sana lakini usukani uko kushoto, na ya kwetu haina mbwembwe za Ulaya. Ya kwetu ina bampa la chuma lililochomelewa gereji, turubai limefungwa kamba, ndoo inaning'inia chini ya tela na maandishi nyuma. Mtu akifungua boksi akakuta hivyo vyote, atalipa.

Resini wa Njiro

Kaka Tela Mbili, moyo wangu uko na wewe, ila tupige hesabu kwanza.

Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.19. Kwa 1/24 hilo ni kontena la sentimita 51, na kichwa hujaweka. Ukimaliza gari lote linakaribia sentimita 70. Printa nyingi za mezani za resini haziwezi kutoa kipande cha nusu mita kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo tela litakatwa mara tatu au nne, na kila kiungio kinahitaji pati ya kuziba na msasa. Ukishuka mpaka 1/32, skeli ambayo Aoshima wanaitumia kwa malori yao ya Kijapani, kontena linakuwa sentimita 38. Linabebeka, ila utaachana na vifaa vyote vya 1/24 ulivyovizoea.

Fundi, ushauri wangu ni huu: usichague gari, chagua chesisi. Tafuta gari ambalo chesisi yake, ekseli zake, tairi na dashibodi vitatumika tena kwenye bodi ya pili na ya tatu. Viwanda vikubwa vinafanya hivyohivyo, kwa sababu kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki hairudishi gharama mpaka uuze maelfu ya seti. Sisi wa printa hatuna mzigo wa kalibu, lakini kuchora kunakula muda. Ukichora chesisi moja vizuri umeshachora nusu ya gari linalofuata.

Mambo mengine ya kuzingatia. Ukuta wa bodi wenye unene wa milimita 1 kwa skeli ya 1/24 ni sawa na bati la sentimita 2.4 kwenye gari halisi. Kingo za madirisha na matao ya tairi zitaonekana nene kama godoro usipozichonga kwa ndani. Vioo usiviprinti. Nunua zile karatasi ngumu za plastiki angavu wanazofungia ripoti kwenye maduka ya stesheni, katia humo. Na resini ambayo haijakauka inawasha ngozi: glavu kila siku, barakoa ukipiga msasa, na vipande vikishakauka kabisa usiviache juani dirishani, vitapinda.

Konda wa Sakina

Mimi nasema Hiace, na huna haja ya kuitengeneza yote.

Aoshima wana Hiace ya 200 kwa 1/24, na kwa kuwa ni ya Kijapani usukani uko kulia tayari. Gari halisi lina urefu wa kama mita 4.7, kwa hiyo modeli inatoka chini ya sentimita 20. Wewe toa boksi dogo la nyongeza tu: viti vya abiria pamoja na vile vya kukunja mlangoni, kibao cha ruti, mstari wa rangi wa kuzunguka bodi, keria, na stika za kioo cha nyuma. Mwenye Hiace yake kabatini ananunua nyongeza yako na kupata daladala ya Kilombero hapa Arusha.

Stika ndizo zitakazouza. Kaa kituoni asubuhi moja uandike kila neno linalopita.

Fundi Sombetini

Konda, wazo la nyongeza sikuwa nalo kabisa, asante sana. Ila mteja wa hapa akiagiza Hiace kutoka Japani, akalipia usafiri na ushuru, ndipo anunue na vya kwangu, atamaliza fedha zake kabla hajafika kwangu. Nalihifadhi kwa ajili ya wateja wa nje.

Resini, hilo la chesisi limenifanya nichore upya orodha yote. Scania ina chesisi inayobeba mengi: tipa, tanki la mafuta, tela la turubai. Land Cruiser nayo ni pickup, ya watalii na ambulensi. Hapo ndipo nimekwama.

Mzee wa Pasua

Vijana hamjambo. Mimi ni mstaafu, nipo Moshi, nimesoma yote.

Mnazungumzia magari ya jana. Kuna malori yaliyoijenga nchi hii ambayo wajukuu zangu hawajawahi kuyaona hata kwenye picha. Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ikatafuta njia nyingine ya kupitisha mafuta na shaba yake, na mzigo ukaelekezwa Dar es Salaam kwa barabara ya vumbi na matope. Mwaka uliofuata ikaundwa kampuni ya Zambia na Tanzania ya malori, zikaja Fiat. Hiyo ni kabla ya TAZARA, ambayo reli yake ilikamilika 1975. Fiat 682 yenye pua bapa na tela, imejaa tope mpaka kioo, hiyo ndiyo modeli ya kumpa mtu aliyestaafu.

Na huku kwetu Kilimanjaro kulikuwa na Bedford. Kahawa ya vyama vya msingi ilishuka mlimani ikiwa juu ya Bedford kwenda KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Zamani Waingereza wa Emhar walitoa Bedford O kwa 1/24, yenye bodi ya wazi nyuma. Ukipata hata moja, magunia ya kahawa na jina la chama mlangoni vinatosha kuifanya ya Machame au Kibosho.

Msisahau Safari Rally. Ilianza 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Datsun 240Z iliyoshinda 1971 ipo kwenye orodha ya Hasegawa. Hiyo wameshaitoa wenzenu, iacheni. Ila inaonyesha kwamba gari likipita kwetu na kupata sifa, Mjapani analitolea modeli. Kwa nini lori la kahawa tulisubirie mtu wa nje?

Fundi Sombetini

Shikamoo mzee. Hili la Fiat na Bedford nimelisoma mara mbili. Kama una picha za zamani za malori ya kahawa, hasa za ubavuni na nyuma, naomba nije Moshi nizipige picha mbele yako, sitaziondoa nyumbani. Hata kama halitakuwa la kwanza, litakuja.

Mama Rau

Naomba niseme kama mnunuzi, maana mwanangu wa miaka kumi anazipenda na mimi ndiye mlipaji.

Seti mnazozisema zinahitaji gundi, rangi, kompresa na uvumilivu wa mtu mzima. Aoshima wana zile za 1/32 za kubana tu, vipande vina rangi tayari, hakuna gundi. Mtoto anamaliza mchana mmoja na gari linasimama. Fikirieni toleo la namna hiyo la gari lenu lolote, vipande kama ishirini, bei ambayo mzazi wa Majengo anaimudu. Kirikuu, ile pickup ndogo ya mizigo, ingefaa sana. Ni ndogo, ina umbo rahisi na kila mtoto anaijua kwa sababu ndiyo iliyowahamisha nyumba.

Mtalii naye hana tofauti na mwanangu. Anapanda ndege, begi lina kilo zake, kwao hana rangi wala msasa. Boksi liwe bapa na dogo, na gari liwe lile alilokaa siku zote porini. Hatakumbuka Scania iliyompita kwa mwendo kasi, atakumbuka ile aliyosimama juu ya kiti chake kumwangalia simba.

Fundi Bodi wa Unga Limited

Nimechelewa, nilikuwa kazini, na kazi yangu ndiyo hiyohiyo mnayoijadili. Narefusha Land Cruiser za watalii.

Kuna jambo halijasemwa. Toyota haitengenezi gari lile. Toyota inaleta pickup, Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, silinda sita, dizeli lita 4.2. Sisi tunakata chesisi, tunaongeza kipande, tunachomelea na kuimarisha kwa bamba, halafu bodi yote ya nyuma inajengwa hapahapa Arusha: fremu ya mabomba ya mraba, bati, milango, madirisha ya kuteleza, paa linaloinuka, viti, friji, soketi za kuchajia kamera. Wapo Hanspaul ambao ni wakubwa na wanajulikana, na zipo gereji za kawaida kama ninayofanyia mimi. Kila gereji ina mkono wake. Nikiona gari linapita Mnara wa Saa nakuambia limejengwa wapi kwa kutazama kona ya dirisha la nyuma na bawaba za paa.

Kwa hiyo kiwanda cha Japani kikitaka kutoa modeli ya gari hilo kitalazimika kuja Arusha kupima. Wewe upo Sombetini, unakuja kwa miguu.

Vipimo vya kuanzia: kutoka ekseli hadi ekseli, 79 ya kebini moja kabla hatujaikata ni milimita 3180. Baada ya hapo inategemea oda ya mteja, kwa hiyo usibuni, pima gari moja ulifuate hilohilo mpaka mwisho. Lipime kabla halijapakwa rangi, wakati viungio bado vinaonekana na ndani hakujafunikwa. Paa ndilo gumu. Likiwa limefungwa lazima likae sawasawa juu ya ukingo, likiwa limeinuliwa nguzo zionekane nyembamba. Nguzo hizo zitengeneze kwa waya, si resini, zitavunjika.

Resini wa Njiro

Fundi Sombetini, naona jibu limeshapatikana. 3180 gawanya kwa 24 ni milimita 132.5, kwa hiyo hata ikirefushwa chesisi nzima inaingia kwenye printa bila kukatwa. Na chesisi yenyewe ukiichora ikiwa fupi kwanza, una pickup ya shambani. Ukiirefusha una ya watalii. Ambulensi inafuata.

Moja tu la sheria: nembo ya Toyota ina mwenyewe. Kabla hujaichapa kwenye boksi waandikie, na wakati unasubiri toa shoo ya mbele bila maandishi.

Tela Mbili

Nimekubali kwa shingo upande. Lakini 113 iwe ya pili, na kichwa peke yake bila tela kinaingia kwenye printa. Nitakuletea picha za dashibodi.

Fundi Sombetini

Imekuwa hivyo. Land Cruiser ya watalii, 1/24, chesisi ichorwe fupi na ndefu kwa pamoja. Mama Rau, toleo la kubana nitalijaribu kwa kirikuu nikishajua bei halisi ya kila kipande, nitarudi hapa na hesabu. Tela Mbili, lete picha, kichwa cha 113 ndicho kinachofuata. Mzee wa Pasua, nakuja Moshi wiki ijayo ukiniruhusu.

Fundi Bodi, kuna gari hapo gerejini ambalo bado halijapakwa rangi?

Fundi Bodi wa Unga Limited

Lipo moja, linaingia rangi Jumatatu. Njoo Jumamosi kabla ya saa nne, bosi nimeshamwambia. Beba tepu ya mita tano na kipimo cha unene, vaa viatu vya kufunika, kuna vipande vya bati chini. Na uje na mtu wa kukushikia tepu, mimi nitakuwa nachomelea keria.