Madalali wa taarifa Marekani wananiuza mimi, "ndugu" nisiowajua na kesi isiyo yangu

Wakuu, salamu kwenu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, asiyetaka kusoma apite zake. Unawahusu zaidi mliopo Marekani.

Nilikuwa natafuta nyumba ya kupanga. Ada ya maombi nimelipa, mshahara unatosha, mwenye nyumba wa zamani kanipa barua safi kabisa. Jibu likaja: pole, nyumba imeshachukuliwa. Wiki iliyofuata nyumba ileile bado inatangazwa, picha zilezile, bei ileile. Nikambana wakala kwenye simu mpaka akaropoka. Eti walinitafuta mtandaoni wakakuta nina kesi ya kufukuzwa kwenye nyumba kwa kutolipa kodi.

Kesi gani? Mimi mahakama ya huku naijua kwa nje tu, napita na basi.

Basi nikaingia kwenye hiyo tovuti aliyoitumia. Mnazijua hizi za madalali wa taarifa, kampuni zinazokusanya habari za watu na kuziuza: unaandika jina la mtu na jimbo analokaa, halafu linaanza igizo. Mstari wa kijani unajaa taratibu, huku maneno yanapita: "tunapekua rekodi za mahakama", "tunapekua rekodi za uhalifu", "utakachokiona kinaweza kukushtua". Hakuna kinachopekuliwa pale. Vyote vimo kwenye hifadhidata yao siku nyingi, wanakuchelewesha makusudi ili ukishasubiri uone uchungu kuondoka bure. Mstari ukijaa, toa kadi ya benki.

Nikalipa. Yaani nimelipia kusoma habari zangu mwenyewe.

Anwani ninayokaa sasa ipo, mpaka namba ya mlango. Za zamani zote zipo, hata ile ya chumba cha kwanza nilichofikia. Namba ya simu niliyoiacha kitambo ipo. Chini yake kuna sehemu ya "huenda ni ndugu zake". Yumo jamaa niliyechangia naye chumba nilipofika, mtu wa bara lingine kabisa, tulikutanishwa na tangazo la chumba! Yumo mama mmoja ambaye mpaka leo sijui ni nani. Jina langu nalo limechinjwa. Sisi tunaotumia jina letu, la baba na la babu, fomu za huku zinatusumbua: huku babu amekuwa ukoo, kule baba amebaki herufi moja, kwingine baba ndiye ukoo na babu hayupo. Mashine yao ikaniona mimi ni watu wawili, halafu mmoja wa hao wawili ikamuunganisha na mtu wa tatu. Huyo wa tatu ndiye mwenye kesi.

Nikafungua tovuti ya mahakama ya kaunti iliyotajwa, ambayo kuangalia majalada ni bure, nikasoma jalada lenyewe. Herufi ya katikati siyo yangu. Anwani sijawahi kuishi, na mji wenyewe sijaukanyaga. Na kesi ilifutwa! Mwenye nyumba aliyeshtaki hakupata kitu. Dalali wa taarifa kabeba mashtaka, matokeo kayaacha hukohuko. Kwa hiyo hata huyo mwenye jina kama langu anaonewa, na pengine hajui kwa nini kila nyumba anayoomba "imeshachukuliwa".

Sasa najua kuna mtu atakuja na ile sentensi yake: "lakini hizo ni rekodi za umma." Tulia nikwambie. Rekodi za umma nazitetea. Sheria ya uhuru wa kupata taarifa za serikali kuu ya huku ni ya mwaka 1966, na kila jimbo lina ya kwake. Ukitaka kujua nani anamiliki jengo la mtaani kwenu, unaingia kwenye tovuti ya mthamini wa kodi za majengo wa kaunti, au unakwenda kwa karani anayetunza hati. Kesi za mahakama za shirikisho zipo mtandaoni kwa senti 10 ukurasa. North Carolina daftari la wapigakura unalipakua bure, majina na anwani zao humo. Mambo haya yamewekwa ili mwananchi aichungulie serikali: diwani ana viwanja vingapi, jaji anaamuaje, kiwanja cha umma kauziwa nani. Na wewe unayenunua nyumba ujue kama anayekuuzia ni mwenyewe au tapeli. Hapo sina ugomvi hata kidogo.

Ugomvi wangu ni kwenye kukusanya na kuuza. Zamani mtu aliyetaka kukujua ilibidi aende kaunti moja kwa hati, nyingine kwa kesi, ofisi ya tatu kwa daftari la wapigakura, apange foleni, ajaze fomu, aonekane sura. Usumbufu ule ulikuwa ukuta wetu, ingawa hakuna aliyeujenga kwa nia hiyo. Na siyo maneno yangu. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya waandishi wa habari waliotaka FBI iwape muhtasari wa rekodi za jinai za mtu. Ikakataa. Ikasema kuna tofauti kubwa kati ya rekodi zilizotawanyika kwenye mahakama na vituo vya polisi nchi nzima, na muhtasari mmoja uliokusanywa mahali pamoja, hata kama kila kipande chake kiliwahi kuwa wazi. Majaji walilielewa hili wakati mtandao haujaingia majumbani! Ila waliifunga mikono serikali peke yake. Mfanyabiashara akaachiwa uwanja.

Mwaka huohuo mwigizaji Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni kwake Los Angeles na mtu aliyekuwa akimfuatilia. Anwani ilipatikanaje? Mpelelezi wa kulipwa aliitoa kwenye rekodi za magari na leseni za California. Ikachukua mpaka 1994 Bunge la Marekani kupitisha sheria ya kubana rekodi za madereva. Mlango mmoja ukafungwa, mingine imeachwa wazi. Mwaka 2020 mtoto wa jaji Esther Salas aliuawa nyumbani kwao New Jersey na wakili aliyekuwa amekusanya habari za familia hiyo, na jimbo likapitisha haraka sheria ya kuficha anwani za majaji, waendesha mashtaka na polisi. Sawa kabisa, walindwe. Lakini muuguzi anayerudi usiku? Dada aliyemkimbia mume anayempiga? Kwa walio kama huyo dada majimbo mengi yana mpango wa kuwapa anwani mbadala ya barua, ila lazima ujiandikishe, na anwani uliyokuwa nayo kabla dalali anayo tayari. Matajiri wao hawana shida, wananunua nyumba kwa jina la kampuni. Ukitafuta hati unakuta kampuni, nyuma yake sanduku la posta. Anayeonekana ni wewe na mimi.

Turudi kwa wakala wangu. Kuna sheria ya tangu 1970 inayosema kampuni inayouza ripoti za kuamulia kazi, mkopo au nyumba ni lazima ijitahidi ripoti iwe sahihi. Ukinyimwa nyumba kwa sababu ya ripoti hiyo, aliyekunyima anatakiwa akutaarifu, akutajie kampuni, nawe una haki ya kupinga, na kampuni ina siku 30 kuchunguza upya. Sheria nzuri. Sasa shuka chini kabisa ya hizi tovuti, kwenye maandishi ya sisimizi: "sisi siyo kampuni ya ripoti hizo, usitumie taarifa hizi kuajiri wala kupangisha." Wameshanawa mikono. Halafu wakala anatumia hivyohivyo, anakujibu "imeshachukuliwa", haki yako ya kupinga inakufa kabla hujajua kama ulikuwa nayo. Nisingembana asingesema. Wangapi hawakubana?

Serikali siyo kwamba haijui. Tume ya Biashara ya Shirikisho iliipiga Spokeo, mmoja wa madalali hawa, faini ya dola 800,000 mwaka 2012, kwa sababu ilikuwa inauza wasifu wa watu kwa waajiri bila kufuata sheria hiyo. Mwaka 2023 madalali wengine, TruthFinder na Instant Checkmate, wakakubali kulipa dola milioni 5.8. Soma tuhuma zake uone maajabu: walikuwa wanawadokeza wateja kwamba mtu ana rekodi ya uhalifu, kumbe ni faini za barabarani. Kitufe cha "ondoa" ukikibonyeza, ile taarifa inafichwa kwako wewe uliyebonyeza tu, wengine wote wanaendelea kuiona. Na wakishalipa hizo faini biashara inaendelea kesho yake asubuhi.

Kwenda mahakamani nako usidhani ni rahisi. Thomas Robins aliishtaki Spokeo kwa kumwandika kwamba ana mke, watoto, kazi na pesa, akasema vyote ni uongo. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ikairudisha kesi chini, ikisema kuvunjwa kwa sheria peke yake hakutoshi, lazima uonyeshe umeumia kweli. Mimi nimekosa nyumba, lakini ushahidi ni maneno ya wakala kwenye simu, na nina hakika akiulizwa leo atakana.

Nikaomba niondolewe. Utaratibu wao: wapelekee barua pepe yako, namba ya simu ya kuthibitisha, mwingine anataka picha ya kitambulisho. Mwizi anakwambia ili nikurudishie redio yako niletee na spika zake! Ukimaliza kwa mmoja, yupo wa pili, wa tatu, na wanauziana wao kwa wao, kwa hiyo aliyekufuta leo ananunua faili jipya la kaunti baadaye na unazaliwa upya na makosa yaleyale. Kuna na kampuni zinazokudai ada ya mwaka mzima zikufutie. Yaani huyu anakuchafua, yule anakusafisha, na wewe ndiye unayelipa kotekote.

Mtaniambia California wamepitisha sheria ya kufuta mwaka 2023, unajaza ombi moja linakwenda kwa madalali wote waliosajiliwa. Nimeisoma kwa furaha mpaka nilipofika kwenye kipengele cha taarifa zisizohusika. Unajua zipi? Zilizotoka kwenye rekodi za umma. Kilio changu chote kiko hapo, na hapo ndipo sheria inaposimama.

Halafu eti haiwezekani kuwa na uwazi bila fujo hii. Norwei mapato na kodi ya kila mtu ni vya wazi, uwazi ambao Marekani hawauthubutu. Lakini tangu 2014 anayekutafuta kwenye orodha ya mamlaka ya kodi anaingia kwa jina lake, na wewe unaona nani kakutafuta. Wapekuzi wakapungua ghafla! Mimi nataka hilo tu: dalali aliyeniuza aniambie ameniuza kwa nani. Anajua habari zangu zote, mimi sijui hata jina la aliyelipia.

NYONGEZA: Mdau ameuliza nimefanya nini mpaka sasa. Nimechukua kwa karani wa mahakama nakala iliyothibitishwa ya jalada, yenye jina kamili la mshtakiwa na uamuzi wa kufuta kesi, naiambatanisha kwenye kila maombi ya nyumba kabla hawajauliza. Nimeandika kwa maandishi kwa wakala nikimtaka ataje kampuni aliyoitumia, ili akikaa kimya nao uwe ushahidi. Nimepeleka malalamiko Tume ya Biashara na kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Na mliopo huku, jiandikeni jina lenu kwa mpangilio mmoja kila fomu, leseni, benki na mkataba wa nyumba. Inakera kwamba mzigo ni wetu, ila inapunguza kuunganishwa na watu.

NYONGEZA 2: Aliyesema "kama huna cha kuficha unaogopa nini", weka hapa anwani yako na majina ya uliowahi kupanga nao, tuone.

Ninachohitaji ni wakili aliyewahi kumshinda wakala wa nyumba kwa kutotoa ile taarifa ya kunyimwa, siyo wa ushauri wa bure wa dakika tano halafu ankara. Mwenye uzoefu aje inbox. Na kama kuna mtu ameondolewa na madalali hawa akakaa zaidi ya mwaka bila kurudi, aseme alifanyaje, maana mimi nimesharudi.