Marekani na Mkataba wa Sheria ya Bahari: wanakwepa nini?

mvuvi_wa_hoja: Wakuu salaam. Kuna kitu kinanisumbua siku nyingi. Marekani ndo wenye manowari kila bahari, kila kukicha wanaiambia China ifuate sheria kule Bahari ya Kusini ya China, lakini huu mkataba wa 1982 wenyewe hawajauridhia mpaka leo. Wanakwepa nini hasa?

Tanga2: Mkuu, chanzo ni madini. Mkataba unasema sakafu ya bahari nje ya mipaka ya nchi ni urithi wa binadamu wote, anayetaka kuchimba aombe kibali kwa mamlaka iliyoko Kingston, Jamaica. Rais Reagan akagoma hapo tu, mengine aliyakubali na 1983 akatangaza ukanda wa uchumi wa maili 200, yaani eneo la bahari ambalo rasilimali zake ni za nchi yenye pwani. Hicho kipengele kikarekebishwa 1994, Clinton akaupeleka Seneti, ndo ukakwama humo kwa sababu lazima theluthi mbili ya kura. 2012 maseneta 34 kati ya 100 wakasema hapana, theluthi mbili ikawa haipatikani, ikawa basi.

nanga: Na wanaoumia ni wanamaji wao, ambao miaka yote wanaomba uridhiwe. Haki ya meli, nyambizi na ndege kupita milango-bahari kama Hormuz, pale Iran, imeandikwa humo. Marekani inasema hiyo ni desturi ya mataifa yote, ila Iran tangu 1982 ilishatamka kwamba haki hiyo ni ya waliomo kwenye mkataba. Sasa we utabishanaje na mtu kwa karatasi ambayo hujaikubali?

Tanga2: Tusiwaonee lakini, kuna hoja ya hela. Ukichimba mafuta nje ya maili 200 unaanza kulipa asilimia 1 ya thamani ya unachochimba mwaka wa 6, inapanda hadi 7 mwaka wa 12, na hela inapitia Kingston. Seneta anayeuliza hiyo hela inaenda kwa nani ana haki ya kuuliza.

nanga: Sawa ndugu yangu, ila hayo maeneo yenyewe yana shaka. Desemba 2023 Marekani walitangaza kuwa karibu kilomita za mraba milioni 1 za sakafu nje ya maili 200 ni zao, nyingi Aktiki, na Urusi ilishapeleka madai yake ya huko kwenye tume ya mkataba inayopitia madai kama hayo tangu 2001.

mvuvi_wa_hoja: Na Aprili 2025 Trump katoa amri ya kuharakisha vibali vya kuchimba kina kirefu kwa sheria yao ya 1980, bila Kingston. Mi ningekuwa na mtaji nisingeuzamisha huko kabla hawajaridhia.