MREJESHO: Mzee aliyeanza kusahau baada ya shambulio la moyo

Wakuu, niliuliza kama usahaulifu wa mzee wangu unatokana na dawa za presha. Tumerudi kliniki, daktari kamhoji sana habari za usingizi na mawazo, kasema ni sonona (ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu), inawapata karibu mgonjwa 1 kati ya 5 baada ya shambulio la moyo. Yaani stresi ikikaa muda mrefu kotisoli, homoni ya stresi, inabaki juu mwilini, inaathiri hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, na amigdala, ile ya hofu, haitulii, basi moyo unakimbizwa na presha inapanda. Kaanzishiwa setralini, dawa ya sonona, maana baadhi ya dawa za zamani za sonona zinavuruga mapigo, pamoja na ushauri nasaha. Jana kaulizia mwenyewe dawa ya jioni, tena kwa jina, nimefurahi mno jamani! Usingizi bado wa mang'amung'amu, tunarudi mwezi ujao.