Binti yangu amesomea nyumbani, kapata Division III. Chuo gani, na ada nitoe wapi?

Mama Zawadi

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mnisome hadi mwisho, maana jambo hili ninalo moyoni tangu Januari na sina wa kukaa naye chini tukalijadili.

Binti yangu ana siko seli, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Mwaka 2021 aliingia kidato cha kwanza shule ya kata hapa Korogwe. Kufika Agosti alikuwa amelazwa mara nne. Mara ya mwisho alianguka mstarini asubuhi, akaletwa nyumbani kwa bodaboda, kashikiliwa katikati na wenzake wawili. Nikamtoa. Mimi nilimaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), nikaishia kwenye cherehani. Nikasema nitamfundisha mwenyewe.

Meza ya kukatia vitambaa ndiyo ikawa dawati lake. Mimi nakata sare, yeye ananisomea kwa sauti, nisipoelewa namrudisha nyuma. Siku za maumivu alisoma amelala, chupa ya maji ya moto magotini, anataja elementi kuanzia haidrojeni hadi kalsiamu huku machozi yanamtoka. Nikimwambia pumzika mwanangu, ananijibu, "Mama, nikinyamaza ndiyo yanauma zaidi."

Hisabati ilitushinda wote wawili. Fizikia hatukuigusa. Kemia na Biolojia tulimpata kijana aliyekuwa akijitolea kufundisha shule ya jirani, akawa anakuja kila Jumamosi kwa shilingi 5,000. Maabara tuliipata wiki tatu tu kabla ya mtihani. Kabla ya hapo alijifunza kusoma vipimo kwa bomba la sindano tulilopewa kliniki, anavuta maji ya rangi, analiinua usawa wa jicho, ananiambia ni mililita ngapi.

Alifanya QT, mtihani wa maarifa unaomruhusu asiye shuleni kufanya kidato cha nne, mwaka 2023, akapita. Mwaka 2024 akafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Matokeo haya hapa: Kiswahili B, Kiingereza C, Historia C, Biolojia C, Kemia D, Uraia D, Jiografia D, Hisabati F. Division III ya pointi 23. Nililia. Sikuona aibu, nililia mbele ya wateja.

Sasa nina sauti tatu masikioni. Shemeji yangu anasema aendelee kujisomea kidato cha sita, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), kisha chuo kikuu. Kuna mtu wa chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini, sijui namba yangu aliipata wapi, anapiga kila baada ya siku mbili. Anasema nafasi ya famasia ipo, ada ni 1,200,000 kwa mwaka, nitume 50,000 leo kwenye simu yake "kushikilia nafasi". Na Zawadi mwenyewe anataka famasia. Miaka yote hii kapokea dawa dirishani, anasema anataka kukaa upande wa pili wa lile dirisha.

Nina akiba ya 1,350,000. Kikoba chetu tunavunja Desemba. Fedha yangu ya maana huingia Desemba na Januari, msimu wa sare. Miezi mingine ni kuziba viraka. Baba yake hayupo. Nisaidieni kufikiri.

Mwalimu Mstaafu

Hongera sana mwanangu. Nimesimamia watahiniwa wa kujitegemea miaka mingi, najua kazi uliyoifanya.

Nizungumzie hilo la kidato cha sita tu. Sifa anazo, maana kinachotakiwa ni krediti tatu, yaani C au zaidi, na yeye anazo nne. Lakini chuo kikuu kitataka ufaulu wa juu (principal) wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4 au zaidi, na HKL haimpeleki kwenye dawa hata akipata A zote. Ukimweka huko unamlipia njia asiyoitaka. Kwa upande mwingine, akimaliza stashahada ya miaka mitatu na GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 na kuendelea, mlango wa shahada unaweza kufunguka akiwa tayari ana taaluma mkononi, ingawa baadhi ya shahada za afya huangalia pia Hisabati na Fizikia za kidato cha nne. Mwache aende na kile anachokipenda. Na kwa stashahada, Hisabati F isimkoseshe usingizi, ila asiache kujifunza hesabu za uwiano, maana dawa hupimwa.

Kaka wa Famasi

Shikamoo Mama Zawadi. Nimeandika nikafuta mara mbili, kwa sababu habari yako ni yangu. Mimi pia namba yangu ya mtihani inaanza na P, ya mtahiniwa wa kujitegemea. Nilisomea nyumbani kwa babu, QT kisha form four, na leo ni mteknolojia wa dawa katika kituo cha afya.

Kwanza nikutoe hofu. Siku naripoti chuoni, dada wa usajili alitazama fomu akauliza, "Shule gani?" Nikamwambia nyumbani. Akagonga muhuri, akaita anayefuata. Cheti ni kilekile cha Baraza la Mitihani, na hakuna aliyeniuliza tena.

Kwa famasia wanataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, Kemia na Biolojia zikiwemo. D ni ufaulu. Zawadi anayo saba. Kwa kukosa Fizikia, kozi kama utabibu zimefungwa kwake, basi msizitumie fedha za maombi huko. NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya kati, hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili, unapakuliwa bure kwenye tovuti yao. Humo utakuta chuo, kozi, sifa, nafasi na ada. Tafuta jina la chuo, halafu shuka hadi kwenye kozi yenyewe. Chuo kinaweza kuwa na usajili lakini kozi unayoambiwa isiwemo.

Sasa huyo anayekupigia simu. Mama, usitume hiyo 50,000. Mimi nilipelekwa chuoni na mtu wa aina hiyo. Aliniambia ada 1,200,000, na kweli ada ilikuwa hiyo. Kisha tukapewa karatasi ya pili mlangoni: usajili, kitambulisho, sare jozi mbili, koti jeupe, mitihani ya ndani, mitihani ya wizara, mafunzo kwa vitendo, maendeleo ya chuo. Ikafika 1,910,000. Baba alikuwa amekuja na fedha kamili ya ada imefungwa kwenye kitambaa, na nauli yake ya kurudi. Alihesabu mara tatu kana kwamba zingeongezeka. Alilipa nusu, akarudi nyumbani, akauza ng'ombe wawili waliokuwa wa kilimo. Msimu ule walilima kwa jembe la mkono. Sijalisahau hilo, na ndiyo sababu nakuandikia kwa urefu huu.

Kwa hiyo ukizungumza na chuo chochote, usiulize ada ni kiasi gani. Omba mchanganuo wa malipo yote, mwaka wa kwanza hadi wa tatu, ulioandikwa na kugongwa muhuri. Chuo cha kweli kitakutumia. Na malipo yaende kwenye akaunti ya chuo, au kontroli namba (namba ya malipo ya serikali) kama ni cha serikali, kamwe si kwenye simu ya mtu.

Halafu kuna jambo zito kuliko ada. Nyanda za Juu Kusini ni baridi. Wewe unajua kuliko mimi baridi inavyomfanya mtu wa siko seli. Mwezi wa sita na wa saba kule sisi wazima tulilala na masweta mawili. Hata wakikupa bure, usimpeleke. Chora ramani yako kuanzia kliniki: hospitali ipi inamjua au inaweza kumpokea usiku, kisha ndipo uangalie vyuo vilivyo karibu nayo. Wewe uko Korogwe, basi Tanga mjini ni joto, kuna hospitali ya Bombo, na ukipigiwa simu saa nane usiku alfajiri umeshafika. Kama mna ndugu Dar wa kumpa malazi, Muhimbili pia wana stashahada ya famasia na kliniki ya siko seli ipo palepale. Ushindani ni mkali, aombe lakini asiitegemee peke yake.

Kuhusu mkopo. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, ila ni kwa kozi za vipaumbele zilizotajwa moja moja. Usisikie "afya" ukadhani zote zimo. Soma orodha ya mwaka huu mwenyewe kabla ya kulipa ile 30,000 ya maombi. Ikiwa famasia haimo, usivunjike moyo, ila jipange kama mtu asiye na mkopo. Lakini cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa vizazi na vifo, mapema hata hivyo. Siku akiomba mkopo wa shahada atakihitaji, na foleni ya dakika za mwisho naijua.

Bi. Saumu

Dada yangu, mimi nina mtoto wa hali hiyohiyo yuko chuo mwaka wa pili. Wenzangu wamesema ya ada, mimi niseme ya mwili.

Akipata chuo, kabla hajaripoti mwombe daktari wa kliniki barua inayosema ana nini na anatumia dawa gani. Nakala moja kwa mlezi wa wanafunzi, moja ofisi ya mitihani. Wangu alilazwa wiki ya mitihani ya muhula wa kwanza. Kwa sababu barua ilikuwa kwenye faili, aliruhusiwa kuahirisha na kufanya baadaye bila kuhesabiwa kafeli. Aliyekuwa kitanda cha jirani hakuwa na karatasi, akahangaika miezi.

Hosteli omba chumba cha chini. Ngazi ghorofa tatu na ndoo ya maji mkononi zitammaliza. Bima ya mwanafunzi usiiache. Mimi nimelipa 50,400 kwa mwaka, na kulazwa mara moja tu kulizidi hapo.

Na huko kwenye kikoba, tafadhali usikope kwa riba kulipia ada. Ada haizai mwezi ujao. Kama mko kikundi cha akina mama mnashona, ulizeni halmashauri ile mikopo ya asilimia kumi isiyo na riba. Ni ya biashara, si ya ada, lakini mkinunulia vitambaa vya sare kwa fedha hiyo, faida ya Januari inabaki kwako nzima.

Mama Zawadi

Mwalimu, shikamoo. Kaka, marahaba, Mungu akuwekee baba yako. Dada Saumu, nimenakili maneno yako kwenye daftari la vipimo vya wateja.

Imepita wiki tatu, nirudishe majibu. Yule mtu wa simu nilimwomba mchanganuo wenye muhuri. Akasema "mama una maswali mengi", na hajapiga tena.

Mwongozo tuliupakua kwenye simu, tukausoma usiku wa siku mbili, Zawadi akiandika majina ya vyuo kwenye vipande vya karatasi na kuvipanga mezani: vya kwenye joto huku, vya kwenye baridi kule. Baada ya hapo aliondoa mwenyewe vyote ambavyo hospitali kubwa iko mbali. Vilibaki vitano. Kimoja ni cha Tanga mjini. Nilikwenda mwenyewe na basi la asubuhi, sikutaka kupiga simu. Nikaomba mchanganuo. Mwaka wa kwanza kila kitu, hosteli ikiwemo, ni 1,960,000. Wa pili na wa tatu ni chini kidogo kwa kuwa sare na usajili hazirudiwi. Nilimweleza mhasibu ukweli wangu: Oktoba nina 1,350,000 na nahitaji kubakiza ya godoro na bima, ila Januari nina fedha ya sare. Akatoa kalamu akaandika awamu tatu, 900,000 Oktoba, 700,000 katikati ya Januari, iliyobaki Aprili, akaweka sahihi. Nimeikunja ile karatasi nikaishonea mfuko ndani ya begi.

Aprili ndiyo inanitia shaka. Kikundi chetu kimepeleka maombi halmashauri, tunasubiri. Muhimbili pia kaomba.

Kuna jambo moja tu limebaki na si la fedha. Zawadi hajakaa darasani na watu tangu akiwa na miaka 14. Anasema haogopi masomo. Hataki kuniambia anaogopa nini. Nimempa simu, anasema ana swali kwa Kaka wa Famasi.

Mama Zawadi

Shikamoo kaka. Ni mimi Zawadi, naandika kwa simu ya mama. Mimi lazima ninywe maji kila mara, chupa mbili kubwa kabla ya mchana, na hivyo natoka nje mara nyingi. Nyumbani hakuna anayehesabu. Darasani kwenu mtu akitoka toka hivyo mwalimu anasimamisha somo? Wenzake wanamwangalia?

Kaka wa Famasi

Marahaba mdogo wangu. Siku mbili za kwanza watakuangalia. Kwetu alikuwepo aliyekuwa na kisukari, alikuwa akitoka hivyohivyo, na wiki ya pili alikuwa ametengewa kiti na darasa zima bila mtu kusema. Hakuna mwalimu aliyesimamisha somo. Fika mapema siku ya kwanza, chukua kiti cha mwisho wa mstari, karibu na mlango wa nyuma. Na njoo na lile bomba la sindano unalosomea vipimo. Wengi mtakaoanza nao watakuwa hawajawahi kulishika.